Kubadili oili ya pampu na jenereta ndogo bila kuchafua shamba

Ruaha Mbuyuni, msimu wa vitunguu, injini unazisikia kabla hujauona mto. Kila mwenye shamba la kando ana pampu yake, ya inchi 2 au 3, na mpira uliotandazwa hadi majarubani. Ukimuuliza mwenye pampu ni lini alibadili oili mara ya mwisho, jibu la kawaida ni: "Mimi naongezea tu ikipungua."

Siamini kwamba ni ubahili. Chukua Honda GX160, injini ambayo utaikuta kwenye pampu na jenereta nyingi, na ambayo viwanda vingi vya China vimeiga umbo lake. Inabeba oili lita 0.58 tu. Hiyo ni chupa ya maji ya nusu lita, na kikombe cha kahawa juu yake. Mtu anayenunua petroli kwa madumu hashindwi na nusu lita ya oili. Kinachomshinda ni karaha. Nati ya kumwagia iko chini kabisa, imekaa nyuma ya bomba la fremu, na tundu lenyewe liko juu ya ardhi kwa urefu wa vidole vinne. Ukiifungua, oili inaramba fremu yote, inaingia kwenye raba za miguu ya mashine, nusu inaishia mchangani na nusu kwenye suruali. Mtu akifanya hivyo mara moja, mara ya pili atajiambia "kesho".

Mimi kesho hiyo niliisubiri msimu mzima. Nikaongezea, nikaongezea, mpaka siku moja konrod, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, ilikatika na kutoboa ubavu wa injini, na vitunguu vilikuwa na wiki sita tu. Fundi aliponionyesha kilichobaki chini, haikuwa oili tena, ilikuwa kitu kama lami. Tangu hapo nimeacha kujihimiza niwe na bidii. Nimeirekebisha kazi yenyewe iwe nyepesi, hadi sasa pampu moja inanichukua dakika kumi na tano, na ardhi inabaki safi. Ninavyofanya ni hivi.

Kilichomo tumboni mwa injini

Injini ya gari ina pampu ya oili na filta ya oili. Hizi ndogo, kwa sehemu kubwa, hazina hata kimoja. Mwisho wa konrod kuna kijiko kidogo. Kila kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka, kijiko kinachovya kwenye oili na kuirusha juu, kwenye silinda, kwenye bearingi, kila mahali. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, kijiko hicho kinachovya mara 60 kila sekunde.

Kwa hiyo masizi, chembe za chuma na vumbi lililopenya haviendi kokote. Hakuna filta ya kuvikamata, vinarushwa tena na tena hadi utakapovitoa mwenyewe. Kuongezea oili mpya juu ya chafu ni kama kuongeza maji kwenye beseni ulilofulia. Na kiwango kikishuka mno, kijiko kinapiga hewa.

Injini nyingi siku hizi zina kihisi kinachoizima mashine oili ikipungua. Kinasaidia, lakini kinapima kiwango tu. Oili iwe nyeusi kama kiwi, chenyewe kinaridhika. Tena kinasumbua watu: pampu inagoma kuwaka, mtu anabadili plagi, anafungua kabureta, anaita fundi, kumbe mashine imekaa kwenye mteremko na kihisi kinadhani oili imekwisha. Kabla ya kufungua chochote, isawazishe mashine, kisha pima oili.

Hesabu saa kwa madumu ya petroli

Kitabu cha GX160 kinasema oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi mmoja au saa 20, kisha kila miezi sita au saa 100, chochote kitakachotangulia. Watu wanashika neno "mwezi" na kusahau saa. Pampu inayofanya kazi saa tano kwa siku inamaliza saa 20 kwa siku nne. Maana yake pampu uliyonunua Jumatatu inadai oili mpya kabla ya wiki kuisha, na hiyo ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu injini mpya bado inajisugua na kumwaga unga wa chuma.

Nani anahesabu saa shambani? Hakuna. Kinachohesabika ni petroli, kwa sababu inauma mfukoni. GX160 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inakula kama lita 1.4 kwa saa. Saa 100 ni lita 140, yaani madumu saba ya lita 20. Saa 20 za mwanzo ni lita 28, dumu moja na nusu hivi. Injini ikibebeshwa mzigo mdogo, dumu linadumu zaidi na saa zinakuwa nyingi kuliko unavyodhani, na kwetu vumbi ni jingi. Kwa hiyo mimi sisubiri dumu la saba. Likiisha la tano, oili inamwagwa. Kila dumu linapoisha kijana anachora mstari kwa kalamu ya maka kwenye tangi. Mistari mitano ikitimia, hakuna mjadala.

Injini yako ikiwa ya ukubwa mwingine, tafuta ulaji wake wa petroli ufanye hesabu ileile. Jenereta yenye GX390, kwa mfano, inabeba oili lita 1.1 na inakunywa petroli zaidi, kwa hiyo idadi ya madumu haitakuwa hiyo.

Kifuko kimoja, kisichoazimwa

Nusu ya uvivu unatokana na kutafuta vitu. Spana iko kwa jirani, faneli iko jikoni, tambara hakuna. Nina mfuko wa salfeti unaoning'inia bandani, na ndani yake kuna spana moja tu inayoingia kwenye nati ya oili (pima ya kwako, hazifanani), washa za akiba (vile vipete vinavyokaa chini ya nati), matambara, faneli ndogo, glavu za mpira, na chupa ya kupimia. Spana hiyo haitoki kwenda kufungua kitu kingine. Jirani akija kuiazima, namwazima nyingine.

Chupa ya kupimia ni chupa ya plastiki ya lita moja, safi na kavu. Nilipima maji mililita 580 kwa kikombe cha kupimia dawa ya shamba, kilichooshwa vizuri, nikayamimina ndani, nikachora mstari kwa maka, nikayamwaga na kuianika siku mbili. Sasa najaza oili hadi kwenye mstari, na hakuna kukisia. Katoboe kifuniko chake, upachike mrija mfupi, na faneli huihitaji tena, maana mrija unaingia wenyewe kwenye tundu la kujazia.

Oili yenyewe: ya injini za mipigo minne, daraja la ubora la API SJ au la juu yake, na uzito (SAE) wa 10W-30 kwa matumizi ya kawaida. Kwenye joto la kudumu kama la kwetu, SAE 30 inakubalika, na mimi ndiyo ninayotumia, kwa sababu 10W-30 kwenye injini inayopozwa kwa hewa huwa inapungua haraka zaidi kukiwa na joto kali. Nunua galoni la lita 4 badala ya chupa za lita moja. Linatosha kubadili mara sita na kubaki la kuongezea, na ukiwa nayo ndani huna kisingizio cha safari ya mjini. Angalia lakiri ya kifuniko kabla ya kulipa. Galoni lililofunguliwa na kufungwa tena linajulikana, kile kipete cha plastiki chini ya kifuniko huwa kimekatika.

Siku ya kumwaga

Mwaga oili ikiwa ya moto kiasi. Oili ya baridi inatoka kama uji na kuacha uchafu chini. Ikipata moto inatiririka na kubeba takataka zake. Njia rahisi ni kuifanya kazi hii mara tu umwagiliaji wa siku unapokwisha, maana injini tayari imepata moto. Kama ilikuwa imelala, iwashe dakika tano, na jenereta iwashwe nje, kamwe isiwashwe ndani ya chumba. Izime, kisha subiri kama dakika kumi. Ekzosi itakuwa bado inaunguza, mkono wako uwe mbali nayo.

Funga koki ya petroli. Chomoa kofia ya plagi. Mashine yenye plagi iliyochomekwa inaweza kushtuka ukiizungusha, na vidole havina vipuri.

Sasa ipandishe juu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanapigana na mashine ikiwa chini. Pampu ya inchi 3 ina uzito wa kilo 25 na ushei, watu wawili wanaiinua bila jasho. Mimi nimepigilia benchi la mbao lenye urefu wa goti, na mashine naiweka ukingoni kabisa, upande wa nati ukitokeza nje kidogo. Huna benchi? Matofali manne, mawili kila upande, yanatosha kupitisha chombo chini. Ukingo wa mfereji uliosakafiwa pia unafaa, ila uwe mkavu.

Futa eneo la kijiti cha kupimia na eneo la nati kabla ya kufungua. Mchanga uliokaa pale unasubiri tu mlango. Kisha legeza kijiti cha kupimia, hewa iingie, oili itatoka haraka bila kukohoa.

Kuiongoza oili mahali unapotaka

Njia nne nimezitumia, na kila moja ina mashine yake.

Ya kwanza, na ndiyo ya kila siku, ni kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5. Kilaze ubavu. Kata dirisha kubwa upande ulio juu, acha mkono na mdomo vikiwa vizima, na kifuniko kimefungwa. Umepata trei yenye mpini na mdomo wa kumiminia. Oili inaingia kwa dirishani, na ukimaliza unafungua kifuniko na kuimimina kwenye dumu la oili chafu kama unamimina maji. Hakuna beseni linaloyumba, hakuna faneli. Sijaona chombo cha dukani kinachokizidi, na bei yake ni mafuta uliyokwisha kula.

Lakini kidumu hakisaidii kama fremu imekaa mbele ya nati na oili inairamba. Hapo unahitaji njia ya pili, mfereji. Kata kipande cha bati jembamba, au ubavu wa kopo la maziwa ya unga, upana wa vidole vitatu na urefu wa kiganja na nusu. Kikunje kama kigae, kingo uzikwaruze na jiwe zisikate mkono. Ncha moja ikae chini ya tundu, imegusa injini, ncha nyingine ivuke fremu hadi juu ya kidumu. Fungua nati kwa vidole mwishoni, ukiisukuma kuelekea ndani wakati unaizungusha, kisha ichomoe mara moja. Ukiisukuma hivyo, haidondoki kwenye oili. GX160 ina nati mbili za kumwagia, mbele na nyuma, kwa hiyo zunguka kwanza uone ipi iko wazi. Nilitumia mwaka mzima kuhangaika na ya upande wa fremu, ya pili imeniangalia tu.

Ya tatu ni koki. Unatoa nati, unaweka koki ndogo ya shaba ya njano yenye mpira, na tangu siku hiyo kumwaga oili ni kufungulia tu kama bomba la maji. Kwa jenereta iliyosimama mahali pamoja, nyuma ya duka au kwenye kisima, hakuna raha inayozidi hiyo. Peleka nati yenyewe kwa fundi wa kuchonga vyuma apime hesi zake, ile mikunjo ya kukazia, asikisie, kwa sababu hesi za mabomba ya maji na hesi za bolti hazipatani, na tumbo la injini ni aluminiamu. Ukilazimisha hesi zisizo zake, utaziharibu, na ulichokuwa unarahisisha kitakugharimu injini. Mtetemo nao unaweza kuifungua koki yenyewe, kwa hiyo mpini wake ufunge kwa waya, na mwisho wa mpira uwe na kizibo.

Pampu ya shambani siiwekei koki. Inapanda bodaboda, inashuka, inakokotwa kwenye mawe, na koki inayotokeza chini ni shingo ya kuku: jiwe moja linaivunja, oili yote inatoka, na kama kihisi ni kibovu hutajua hadi injini imekwama.

Ya nne ni kuivuta kwa juu, kupitia tundu la kijiti. Nunua famasi sindano kubwa ya mililita 60, ile yenye ncha pana ya kumlishia mgonjwa kwa mrija, upachike mrija wa plastiki unaoonyesha. Ingiza mrija hadi chini, vuta, mimina kwenye kidumu, rudia. Oili ya GX160 inaisha kwa kuvuta mara kumi hivi. Hufungui nati, huhitaji spana, na unaweza kuifanya mashine ikiwa imefungwa mahali pasipoinuliwa. Inamishe mashine kidogo kuelekea upande unaovutia, upate ya mwishomwisho. Bado kitabaki kiasi chini pamoja na tope zito, ndiyo maana mimi huvuta kwa sindano mara mbili, na ya tatu nafungua nati. Raba ya ndani ya sindano huvimba kwa oili baada ya matumizi kadhaa, nunua mbili. Na mdomo usiutumie kuvuta, hata kama ndivyo ulivyozoea kuvuta petroli. Hata petroli yenyewe acha.

Angalia ulichomwaga

Kabla hujaimimina kwenye dumu, isome. Inachukua dakika moja.

Nyeusi ni kawaida. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo hutokea mto ukipanda usiku na pampu ikawa kando, au kijiti kikiachwa wazi mvuani. Jaza oili ya bei nafuu, iwashe dakika chache, imwage, rudia hadi weupe uishe, kisha weka oili nzuri.

Ikinuka petroli na ni nyingi kuliko uliyoweka, usiiwashe mashine. Sindano ya ndani ya kabureta haifungi, na petroli imekuwa ikishuka usiku kucha kupitia silinda hadi kwenye oili. Oili hiyo imekuwa nyepesi kama maji na haiwezi kulinda chuma. Rekebisha kabureta, badili oili, na ujizoeze kufunga koki ya petroli kila unapozima. Koki ile ndogo, mkono unaifikia bila kuinama, na bado watu wanaiacha wazi.

Pitisha sumaku ya spika mbovu ya redio ndani ya kidumu. Unga laini unaong'aa kwenye oili ya kwanza ya mashine mpya usikutie hofu. Vipande vinavyoshikika kwa kidole ni habari nyingine, mwite fundi.

Kurudisha nati, na kujaza

Weka washa mpya, au angalau igeuze ile ya zamani kama bado haijabapa. Anza kukaza kwa vidole tu. Nati ikikataa kuingia kwa vidole, imekaa mshazari, itoe uanze upya. Ikifika mwisho, ikaze kwa spana fupi kiasi cha robo mzunguko. Spana ndefu, au bomba la kuongezea nguvu, ndilo lililoua hesi nyingi huku kwetu. Aluminiamu haisamehi.

Mashine isimame sawasawa. Siyo karibu na sawasawa; mimina maji kidogo kwenye sahani juu ya benchi uone yanakoelekea. Kisha mimina oili uliyopima.

Kupima, kwenye GX160 na ndugu zake wengi, kijiti unakifuta, unakiingiza bila kukizungusha, unakitoa na kusoma. Ukikizungusha kwanza, kinashuka zaidi na kukuambia oili imejaa wakati haijajaa. Baadhi ya injini za Briggs & Stratton zinataka kinyume, kijiti kikazwe ndipo kisomwe, kwa hiyo maandishi ya kitabu cha mashine yako yana neno la mwisho. Kwenye GX160 unaweza hata kupima bila kijiti: mashine ikiwa sawa, oili ijae hadi kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, ikaribie kutaka kumwagika.

Ikizidi, ipunguze. Oili iliyozidi inapigwa na kranki hadi inatoa povu, inapanda kupitia njia ya kupumulia, inaloanisha filta ya hewa, na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Wengi wakiuona moshi huo wanaambiwa ringi za pistoni zimekufa na wanaanza kuchanga hela.

Maadamu umekaa na mashine, fungua filta ya hewa. Kitabu kinasema isafishwe kila saa 50, vumbi likiwa jingi hata kabla. Vumbi linalopita pale ndilo linaloifanya oili yako kuwa msasa.

Mashine zisizofanana na pampu

Mashine ya kukatia nyasi ya kusukuma, yenye kisu chini, mara nyingi inamwagwa kwa kuinamishwa, kupitia tundu la kujazia. Hakikisha tangi la petroli karibu ni tupu, chomoa kofia ya plagi, na uinamishe huku filta ya hewa na kabureta vikiwa juu. Ukivilaza chini, oili inaingia kwenye filta na utavuta kamba hadi bega liume.

Kile kijenereta cha mkononi, Honda EU20i, nacho hakina nati ya chini. Kinabeba oili lita 0.4, unafungua kifuniko cha ubavuni na kukiinamisha kama birika. Sindano inafaa sana hapo. Kikatia nyasi cha begani chenye injini ya GX35 kinabeba lita 0.1 tu, unakigeuza juu ya kopo, basi. Kiasi kidogo hivyo kinachafuka mapema, usikidharau.

Na kuna mashine zisizo na oili ya kumwaga kabisa. Misumeno ya mnyororo, vikatia nyasi vingi vya begani, na vile vijenereta vidogo vya wati 650 hadi 950 ni vya mipigo miwili, oili yake inachanganywa kwenye petroli. Nimewahi kumkuta mtu akitafuta nati ya oili kwenye msumeno tangu asubuhi. Ya kuchanganya nayo ni oili yake maalumu. Hii yetu ya SAE 30 haiingii huko.

Upande wa pili, injini mpya ya mipigo minne mara nyingi inatoka kwenye boksi ikiwa kavu, bila tone. Pima kabla ya kuvuta kamba ya kwanza, hata kama muuzaji ameapa.

Oili chafu

Dumu moja, liandikwe OILI CHAFU kwa herufi kubwa, likae mbali na watoto na mbali na madumu ya dawa. Usichanganye na petroli wala maji, anayeipokea hataitaka. Likijaa, lipeleke gereji inayoikusanya. Kwenye mfereji usiimwage, maana mfereji huohuo unashuka kwenye kitunguu cha mwenzako, na mto ule kuna watu wanaunywa.

Najua tunaipaka kwenye nguzo za banda kuzuia mchwa. Mimi pia nilipaka, zamani. Siku hizi sipaki chochote kilicho karibu na kisima au jaruba, na kidonda cha mbuzi sikipaki kabisa, hata wazee wakisisitiza. Oili iliyotumika ina masizi na metali, na ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta saratani. Ndiyo sababu ya glavu mfukoni. Zikikosekana, vaa mfuko wa plastiki, kisha osha kwa sabuni. Petroli siyo ya kunawia.

Ikiwa yote yamekwenda sawa, rudisha kofia ya plagi, fungua koki ya petroli, washa injini dakika mbili tatu, zima, chungulia chini ya nati kama kuna tone, kisha pima tena. Kiwango kikiwa kimeshuka kidogo, ongeza. Futa ile mistari mitano kwenye tangi kwa tambara lenye petroli kidogo, andika tarehe mahali pake, na uirudishe spana kwenye kifuko kabla jirani hajaiona.